Usikimbilie kusema "ni ukame tu": jinsi ya kupeleleza nini kimemaliza wanyama, miti na wadudu kwenu

Mbukwenyi wadau. Hii nimeiandika kwa watu wa kanda ya kati, Dodoma, Singida, Manyoni huko, ila hata kama uko mkoa mwingine itakufaa, kuna vitu utabadilisha tu.

Ishu ilianza hivi. Nina mizinga 22 ya nyuki porini upande wa Chamwino, msimu mmoja nikaenda kurina nikakuta 14 mitupu, kimya kabisa, unagonga unasikia kama unagonga debe. Nikarudi nyumbani nikasema ukame, na kila niliyemwambia akaitikia eeh ukame huo, mwaka huu jua limezidi, kesi ikaishia hapo. Baadaye nikakaa nikajiuliza, hivi Dodoma lini haikuwa na ukame? Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, baada ya hapo ni vumbi, na nyuki walikuwepo huku kabla babu zangu hawajafika. Sasa kwa nini waondoke mwaka huu?

Shuleni tulikaririshwa visababishi vya kutoweka kwa viumbe, vya asili hivi, vya binadamu hivi, tukapata vema tukasahau. Kazi ngumu ni kusimama porini ukaonesha kwa kidole kwamba hiki kimeondoka kwa sababu hii. Ndo ntakuonesha namna ninavyofanya mimi. Unahitaji daftari, simu yenye kamera, viatu vya kufunga (miba ya huku unaijua), maji ya kunywa na mtu mzima wa hapo kijijini anayejua njia. Alafu pitia kwa mtendaji wa kijiji umwambie unachofanya, maana mtu anayezurura porini na simu anapiga picha visiki ataulizwa maswali.

Kwanza jua kulikuwa na nini

Huwezi kusema kitu kimepotea kama hujui kilikuwepo, na hapa ndo wengi tunakosea, tunachukulia pori tulilolikuta utotoni kwamba ndo pori lenyewe. Mimi nilizaliwa nikakuta dikidiki na sungura, nikadhani hao ndo wanyama wa kwetu. Kumbe jina la mji lenyewe linasimulia mengine, wazee wanasema Dodoma imetokana na idodomya, imezama, tembo alikuja kunywa maji akazama kwenye tope. Iwe kweli iwe ngano, hakuna mtu angetunga hadithi ya tembo mahali ambapo hajawahi kuonekana tembo. Ukipanda Kondoa ukaangalia ile michoro ya kwenye miamba pale Kolo, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, utaona twiga, tembo, pofu. Waliochora walikuwa wanachora walichokuwa wanakiona.

Kwa kijijini kwako chanzo kizuri ni wazee, ila usiulize "zamani kulikuwaje", ukiuliza hivyo utajibiwa zamani kulikuwa kuzuri, basi. Taja mnyama mmoja mmoja, mti mmoja mmoja, na funga mwaka kwenye tukio wanalolikumbuka, mfano kabla ya Operesheni Vijiji (watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970) au baada, kabla ya El Niño ya 1997 na 1998 au baada. Mimi nilikaa na mzee mmoja nikamuuliza, babu, kanga hapa waliisha lini? Akaniangalia kama mtoto mjinga hivi. "Waliisha? Hawakuisha mwanangu, waliliwa." Hapo nikaandika mstari wangu wa kwanza.

Usiwasahau akina mama. Wanaume watakwambia habari za simba na chui, ila anayechuma mlenda wa porini na kuokota kuni ndo anajua kwa uhakika kwamba mlenda ulikuwa nyuma ya nyumba na saivi unaufuata mpaka ng'ambo ya korongo, au kwamba kuni za mkambala hazipo tena wanachanja mti wowote. Hizo ni data kabisa, andika umbali na saa wanazotumia kwenda.

Kwenye daftari chora safu tatu: nini hakipo, kiliacha kuonekana lini, na nini kilitokea karibu na huo wakati. Usiandike sababu kwanza, safu za asili na binadamu utaziongeza mwishoni, maana ukianza na sababu utaandika ukame ukurasa mzima.

Vipimo vyenyewe

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha kurudi. Viumbe vya huku vimeumbwa na ukame, mbuyu unatunza maji kwenye shina, migunga inapukutisha majani, vyura wanajizika kwenye udongo wanangoja mvua, mbegu za nyasi zinalala chini zikisubiri. Kwa hiyo ukame ukipiga vinapungua, mvua nzuri ikija vinarudi. Kama mvua nzuri imekuja mwaka mmoja, wa pili, na kitu hakijarudi, kuna mkono mwingine hapo.

Ushahidi mkubwa wa hiki kipimo uko Kondoa, na nashangaa vijana wengi hawaujui. Ile ardhi ya Kondoa ilikuwa imeliwa na makorongo vibaya, serikali ikaanzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, wakachimba matuta wakapanda miti wee, mwishoni mwaka 1979 wakaamua kuondoa mifugo yote kwenye eneo la kilomita za mraba kama 1,256, ng'ombe, mbuzi, kondoo, kama 90,000 hivi. Mbingu ni ileile, na nyasi zikarudi, vichaka vikarudi, makorongo mengi yakatulia. Sasa kama shida ilikuwa ukame, nini kilibadilika? Ila tusipambe, watu waliumia, maziwa yaliondoka, mbolea iliondoka, na ile mifugo haikuyeyuka, ilipelekwa kula nyasi za wenzao sehemu nyingine. Mimi simlaumu mfugaji, nakuonesha tu kwamba kwato za ng'ombe na jua unaweza kuvitenganisha ukitaka.

Kipimo cha pili ni kuangalia waliobaki. Ukame hauangalii bei sokoni, binadamu anaangalia. Ukikuta pori limebaki mibuyu na minyaa peke yake, alafu mpingo hakuna, mninga hakuna, mkambala visiki vitupu, hiyo ni shoka na tanuru la mkaa, maana mbuyu haufai mkaa wala mbao ndo maana umeachwa umesimama kama mlinzi. Angalia na visiki vyenyewe, mti uliokufa kwa kiu unakufa umesimama, matawi yanakauka kuanzia juu, magome yanabanduka. Mti uliokatwa una jeraha la panga au msumeno, na karibu yake ukitafuta utakuta duara jeusi la udongo ulioungua, palipokuwa na tanuru. Pia hesabu watoto. Kama kuna mibuyu mikubwa tu na hakuna hata mche mmoja wa kufika kiunoni, jua mbuzi wanakula miche, hiyo miti ni wazee wasio na wajukuu. Na ukiona ndulele imetanda kila mahali na nyasi tamu hazipo, hapo malisho yamezidiwa muda mrefu, ng'ombe kachagua vitamu kaacha visivyolika.

Wanyama nao hivyohivyo. Tembo wa Tanzania walikadiriwa kama 109,000 mwaka 2009, mwaka 2014 wakahesabiwa kama 43,000. Ukame gani unaua mwenye pembe ndefu kwanza? Au yule kobe bapa anayejibana kwenye nyufa za mawe, tunaye huku kanda ya kati, maadui wa porini wanamshindwa kwa sababu akijibana humtoi, lakini walipokuja watu wa kukusanya kobe wa kuuza nje wafugwe majumbani, nyufa zikabaki tupu. Na anataga yai moja moja, sasa hesabu mwenyewe.

Magonjwa nayo yanachagua ila kwa ukoo, siyo kwa bei. Miaka ya 1890 sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, ilipita Afrika Mashariki ikaua ng'ombe, ikaua nyati, pofu, twiga, wote wenye kwato zilizopasuka, punda na pundamilia wakabaki wamesimama. Ukiona wamekufa wa ukoo mmoja na wengine wazima kabisa, fikiria ugonjwa, piga simu kwa daktari wa mifugo, na usiguse mzoga. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ila ilishabadilisha nchi, ng'ombe walipokwisha vichaka viliota, mbung'o wakaingia, na watu wakahama. Na hapo ujiulize, sotoka ni ya asili au ya binadamu? Kirusi ni cha asili, ila kililetwa Afrika na ng'ombe waliosafirishwa na watu. Andika kote kuwili.

Moto nao ni rahisi sana kuutambua. Radi inakuja na mawingu, mawingu huku yanakuja na msimu wa mvua. Moto wa Agosti hauna radi, Agosti Dodoma mbingu ni nyeupe kama sahani. Kwa hiyo ukikuta pori limeungua kati ya Juni na Oktoba usihangaike na asili, tafuta aliyekuwa anasafisha shamba, au mrina asali wa mwenge (ndio, sisi warina tumo), au mtu aliyetaka majani mabichi ya mifugo, au mwindaji wa panya.

Matetemeko tunayapata hapa maana bonde la ufa linapita, ila sijawahi kuona tetemeko likamaliza kwale. Ruka.

Maji, fuata mchanga. Bwawa la Hombolo lilijengwa 1957, kila masika linapokea tope kutoka mashamba na malisho ya juu yake, kina kinapungua, na samaki na ndege wanaotegemea kina wanapata tabu. Mtu akikwambia bwawa linakauka, kabla ya kuangalia juu mbinguni angalia juu ya mto. Ruaha Mkuu, huu unaoingia Mtera, tangu 1993 umekuwa ukikata kabisa kiangazi sehemu za hifadhini, viboko wanabanana kwenye vidimbwi, na kilichobadilika zaidi ni maji yanayochepushwa kule bonde la Usangu, juu ya mto, kwa ajili ya mpunga na mifugo. Wewe kijijini kwako fanya hivihivi kwa kakorongo kako, panda nako mpaka kanakoanzia, mara nyingi utakuta kanaanzia kwenye njia ya ng'ombe au kwenye shamba lililolimwa kushuka mteremko badala ya kukingama.

Sumu ina alama zake. Tumbusi wakifa wengi mahali pamoja karibu na mzoga, mtu kaweka sumu ya wadudu kwenye nyama akitaka kumuua fisi aliyekula mbuzi wake, fisi labda kafa labda hajafa, ila tumbusi wote wameenda, na tumbusi wanazaa kidogo sana kwa mwaka. Ile dawa ya kuua kwelea kwelea, vile vindege vinavyokula nafaka, inayomwagwa kwa eropleni, naelewa kabisa kwa nini inamwagwa, mimi nina uwele na najua kwelea wakishuka shambani wanafanya nini, lakini inaua na bundi na kozi wanaokula hao kwelea. Kuna sehemu Kondoa watu wanawatega kwelea kwa vikapu wanawala, mboga tamu hiyo, na bundi anabaki.

Usimsulubu mmoja

Hapa ndo watu wanapenda kumaliza haraka, wakipata mtuhumiwa mmoja wanafunga jalada. Angalia chura wa Kihansi, kale kadogo ka njano kule kwenye milima ya Udzungwa, kaligunduliwa 1996 kanaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, dunia nzima hakapo kwingine. Mwaka 2000 bwawa la umeme likachukua karibu maji yote ya maporomoko, manyunyu yakakatika. Wakaweka mabomba ya kunyunyiza, chura wakajikongoja, mwaka 2003 ghafla wakaanguka, na kuvu ya ugonjwa wa ngozi ikakutwa kwao. 2009 wakatangazwa wametoweka porini, wamebaki Marekani kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, ndipo 2012 wakaanza kurudishwa. Sasa sema wewe, aliyewamaliza ni bwawa au kuvu? Aliyedhoofishwa na mmoja alimalizwa na mwingine.

Na Kongwa kwetu hapa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga, wakafyeka vichaka kwa matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, udongo ukishakauka unakuwa kama sakafu, mvua ikagoma, 1951 wakafunga. Na wao walilaumu mvua! Mvua ilikuwa na kosa lake, ila mvua haikufyeka kichaka.

Alafu ukame wenyewe siku hizi una mkono wa mtu ndani yake, hewa ukaa ya viwanda na magari inapasha dunia joto, kwa hiyo hata safu ya "asili" siyo safi kama zamani. Ile ripoti kubwa ya 2019 ya IPBES, jopo la kimataifa la wataalamu wa viumbe hai, iliorodhesha vitu vitano: kubadili matumizi ya ardhi na bahari, kuvuna viumbe moja kwa moja, mabadiliko ya tabianchi, uchafuzi, na viumbe vamizi, na ikasema spishi kama milioni moja ziko hatarini kutoweka. Vyote vitano vina binadamu. Kutoweka kwa asili tupu kupo, wale mijusi wakubwa wa Tendaguru kule Lindi waliishi miaka kama milioni 150 iliyopita na hakuna mkulima wala mwindaji wa kumsingizia, ila kule tunahesabu kwa mamilioni ya miaka, siyo kati ya babu na mjukuu.

Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu kama milioni 2.08 kwenye sensa ya 2012, sensa ya 2022 kama milioni 3.08. Milioni nzima imeongezeka, wanapika kwa kutumia nini? Tangu 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekatazwa kuni na mkaa, vizuri, lakini majumbani tunajuana.

Mizinga yangu

Nilirudi porini na daftari. Mitupu ilikuwa 14, nikaifungua mmoja mmoja. Tisa ilikuwa safi, masega makavu hayana asali, hakuna nyuki aliyekufa hata mmoja. Hao walihama, nyuki wa kwetu wakikosa chakula wanafunga safari. Mitano ilikuwa na rundo la nyuki waliokufa chini ya tundu la kuingilia, na wengi ulimi umetoka nje. Kama unafuga nyuki ishike hii: rundo la maiti na ulimi nje ni sumu.

Nikapima na hatua, mitano ile yote ilikuwa upande wa alizeti. Mwenye shamba ni jirani yangu, nikaenda jioni nimebeba asali kidogo, sikwenda na kesi. Nikamwambia kaka, dawa unapiga saa ngapi? Akasema saa tatu asubuhi, kibarua ndo anakuwa amefika. Saa tatu asubuhi alizeti imechanua ndo nyuki wamejaa juu yake. Tukakubaliana anapiga jioni nyuki wakisharudi, na ananitumia meseji siku moja kabla ili nizibe mizinga. Hakujua, na mimi nilikuwa sijawahi kumwambia, hata alizeti yake ilikuwa inapungua mbegu bila yeye kuelewa kwamba anaua wachavushaji wake.

Ile tisa iliyohama nikaifuatilia kwa kutafuta miti ya maua iliyokuwa inawalisha, maana nilishakariri ukame tayari na sikutaka kuishia hapo. Nikatembea kilomita moja kutoka kwenye mizinga nikihesabu visiki upande wa kulia tu, mikole na migunga, nikafika 63 nikaacha. Ile miti ndo ilikuwa inawalisha Septemba na Oktoba wakati hamna kingine. Kwa hiyo mwaka wa jua kali ulikuja ukakuta meza imeshaondolewa. Kwenye daftari nimeandika ukame, na pembeni yake mkaa, mshale unaunganisha.

Visiki vingi vilikuwa hai bado, vinachipua, mbuzi wanakula. Hapo nikafanya kisiki hai, ule utaratibu ambao mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit yameusambaza sana vijijini Dodoma, na hauhitaji hela: unachagua kisiki chenye machipukizi, unabakiza matatu mpaka matano yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unakata, unapogoa matawi ya chini ili nguvu ipande juu, unafunga kitambaa cha rangi watu wajue huu unatunzwa, na unaongea na wachunga mbuzi, hii ya mwisho ndo ngumu kuliko zote. Mizizi imeshashika maji chini kwa hiyo unakua haraka kuliko mche wa kitalu unaomwagilia kwa ndoo. Na sisemi usipande mwarobaini uani, kivuli chake nakipenda, ila mistari ya mwarobaini mtupu siyo pori, mti umetoka Asia na haurudishi mkole wala kitu kilichokuwa kinakula mkole.

Ukikuta mambo ya ujangili, mitego ya nyaya, pembe, magogo ya mpingo yamefichwa, usijifanye askari, piga picha kama ni salama, ondoka, peleka taarifa serikali ya kijiji au TFS (wakala wa misitu) au TAWA (mamlaka ya wanyamapori).

Msimu uliofuata sumu haikuua hata mzinga mmoja. Mizinga 12 ina nyuki saivi. Ule namba 17 ulijaa mpaka nikafurahi, nikaenda wiki iliyopita kuukagua nikakuta siafu wameuingilia wamekula mpaka majana (watoto wa nyuki), nimekaa na daftari langu chini ya mti natafuta hii niiandike safu gani, maana hata siafu, mzee ananiambia, zamani huku hawakuwa wengi hivi.